Siku nne Dubai pamoja na mama: anzeni na hori, mnara utawasubiri

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Morogoro ananiuliza hivi: «Ninatarajia kumpeleka mama yangu mzazi Dubai kwa siku nne kamili. Mama ana umri wa miaka 66, anatumia dawa za shinikizo la damu kila siku, na magoti humsumbua anapopanda ngazi. Hatuendi kununua bidhaa za kuuza, tunakwenda kutembea tu. Mimi natamani kuuona mnara wa Burj Khalifa na jangwa. Yeye tangu zamani anatamani kuuona msikiti mkubwa wa Abu Dhabi. Likizo zangu ni mbili, ya Juni na ya Desemba. Kila ninayemwuliza ananipa orodha ya mahali kumi na tano. Tupange vipi ili mama asichoke na fedha zetu zisipotee bure?»

Mwalimu, nakushukuru kwa kueleza hali ya mama waziwazi, kwani wengi huificha mpaka tunapofika uwanja wa ndege. Nimekuwa nikiwapangia wasafiri wa Afrika Mashariki safari za Ghuba kwa miaka kumi na mbili sasa, na orodha kama hizo ulizopewa nazifahamu vizuri. Kasoro yake ni moja: zimepangwa kwa majina ya mahali, ilhali Dubai inataka kupangwa kwa jua na kwa upande wa mji. Mji wenyewe umetandazwa kando ya bahari kwa makumi ya kilomita, kiasi kwamba mtu aliyelala Deira, upande wa kale wa mji, akaenda asubuhi Marina, upande wa pili kabisa, akarudi Deira mchana kununua viungo, kisha akakimbilia Burj Khalifa jioni, huimaliza siku akiwa ameiona barabara kuu kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo shikeni upande mmoja tu kwa siku: mtoke mara moja, au mara mbili na mapumziko katikati, na kitu cha kwanza kukiona kiwe hori la zamani, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ambalo ndilo lililouzaa mji huo.

Kuhusu likizo, chagua ya Desemba bila kusita. Mwezi Juni joto la mchana hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari huliongezea uzito hadi mtu anahisi kama amefunikwa blanketi lililoloa. Kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba kila mwaka, sheria ya huko inakataza wafanyakazi kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri. Ikiwa vijana wa ujenzi wenye nguvu zao wanaondolewa juani kwa amri ya serikali, mama mwenye shinikizo la damu hana sababu ya kwenda kulitafuta jua hilo, hata kama hoteli za msimu huo huwa za bei nafuu. Mwanzoni mwa Desemba mchana huwa wa nyuzi 25 hivi, na usiku hushuka hadi nyuzi 16 au 17, hali ambayo mtu wa Morogoro anayejua baridi ya Juni ya kwao ataivumilia kwa sweta moja. Ndani ya Desemba yenyewe, ziepukeni tarehe 2 na 3, ambazo ni sikukuu ya kuundwa kwa Muungano wa Falme za Kiarabu mwaka 1971, kwa sababu barabara hujaa. Na epukeni wiki ya mwisho, kwa kuwa fataki za mwaka mpya pale Burj Khalifa huvuta watu kutoka kila pembe na kupandisha bei ya kila kitu. Shule zikishafungwa, safirini kati ya tarehe 5 na 18. Ramadhani nayo kwa miaka hii haiangukii Desemba, basi suala la saa za migahawa halitawagusa.

Kuna jambo dogo la saa ambalo limewakosesha wasafiri wangu zaidi ya mmoja tiketi walizokwisha kuzilipia. Dubai iko mbele ya Tanzania kwa saa moja, na tiketi zote huandikwa kwa hesabu ya saa 24. Tiketi iliyoandikwa 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni, saa ambayo jua la Desemba huzama huko. Mimi hapa nitatumia saa zetu za Kiswahili kama zinavyosomeka Dubai. Wewe uziandike katika daftari kwa namna zote mbili.

Mahali pa kulala, nakushauri mchukue Deira au Bur Dubai, karibu na kituo cha Metro, treni ya mjini, cha Baniyas Square, Union au Al Ghubaiba. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wamelala mitaa ya Deira miaka na miaka, na Kiswahili utakisikia humo bila kukitafuta. Lakini sababu yangu kubwa ni kwamba hori liko hatua chache, chakula ni cha bei ya kawaida, na mama anaweza kurudi kulala adhuhuri bila safari ndefu. Kabla ya kulipia, uliza kwa maandishi kama hoteli ina lifti inayoanzia pale barabarani, maana majengo mengine yana ngazi sita au saba kabla ya kuifikia lifti yenyewe. Ujue pia kwamba kuna ada ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, kulingana na daraja la hoteli, ambayo mara nyingi hulipwa mnapofika na haimo katika bei uliyoiona. Dirham imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1997 kwa kiwango cha dirham 3.67 na ziada kidogo kwa dola moja, kwa hiyo hesabu zenu zifanyeni kwa dola na hamtashtushwa.

Siku ya kwanza, basi, ni ya hori. Waarabu huliita Khor, na neno hilo ndilo hili letu la hori. Kabla ya mafuta kugunduliwa katika bahari ya Dubai mwaka 1966, mji wote ulikuwa ni kingo mbili za maji hayo, Deira upande mmoja na Bur Dubai upande wa pili, ukiishi kwa lulu na kwa biashara ya majahazi. Tokeni saa tatu asubuhi mvuke kwa abra, mashua ya mbao yenye paa na benchi refu la katikati ambalo abiria hulikalia wakipeana migongo. Nauli ni dirham moja. Usimpeleke mama wakati watu wanakwenda kazini au wanarudi, kwa sababu mashua hujaa haraka na kila mtu hurukia ndani. Asubuhi watu wakishatulia kazini nahodha huwa na nafasi ya kumshika mzee mkono. Mwambie mama asishuke kwa goti linalomsumbua, na asubiri mashua igonge ukingo na kutulia kwanza, kwa sababu hapana kizuizi cha kushika na maji huinyanyua na kuishusha kidogo. Akishakaa, hana wasiwasi tena. Ni dakika tano au zaidi kidogo, harufu ya dizeli ikichanganyika na ya chumvi, ndege wa pwani wakifuata mkondo nyuma ya mashua, na majahazi makubwa ya mbao yakiwa yamefungwa ukingoni upande wa Deira, shehena za majokofu, matairi na magunia zikiwa zimepangwa juu ya gati. Mtu aliyekulia pwani yetu ataguswa na picha hiyo, kwa kuwa majahazi ya Ghuba ndiyo yaliyokuwa yakija kwetu na upepo wa kaskazi na kurudi kwao na kusi.

Mkifika ng'ambo, nendeni mtaa wa kale wa Al Fahidi, ambao zamani uliitwa Bastakiya kwa jina la Bastak, mji wa Uajemi walikotoka wafanyabiashara waliojenga nyumba hizo mwishoni mwa karne ya 19. Njia zake ni nyembamba, hazina magari, na ardhi yake ni tambarare, kwa hiyo magoti ya mama yatapumua. Juu ya nyumba utaona minara ya mraba iliyo wazi pande zote nne. Hiyo ndiyo iliyokuwa mitambo ya ubaridi kabla ya umeme: ndani ya mnara kuna kuta mbili zinazokatana kama alama ya kuzidisha, upepo ukigonga upande wowote hunaswa na kusukumwa chini chumbani, na hewa ya moto hutokea upande wa pili. Tafuteni nyumba iliyo wazi kwa wageni, msimame chini kabisa ya mnara kama huo, na mnyamaze kidogo. Hata siku ambayo njiani hakuna upepo, utausikia ukipita shingoni.

Kisha inueni macho mtazame dari. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe kama za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, na nyumba nyingi za kale za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizobebwa na majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Waarabu huziita chandal. Ghuba haikuwa na miti ya kutosha ya kuezekea, hivyo upana wa chumba cha tajiri wa Dubai uliamuliwa na urefu wa mti uliokatwa Rufiji, na ndiyo maana vyumba hivyo ni virefu na vyembamba kama vya kwetu. Nimewaonyesha wasafiri wengi boriti hizo, na wachache sana walikuwa wamesikia habari zake kabla, jambo linaloniumiza, kwani wengi wao wametoka pwani hiyo hiyo iliyozitoa. Mwalimu, ukiwa na wanafunzi wa historia au jiografia, piga picha ya dari hiyo uwapelekee.

Katika mtaa huo huo kuna kituo cha maelewano ya utamaduni chenye jina la Sheikh Mohammed bin Rashid, mtawala wa Dubai, ambacho hualika wageni kula chakula cha Kiimarati wakiwa wameketi chini, huku wenyeji wakijibu swali lolote la dini na desturi. Nafasi hukatwa mapema, na kwa ajili ya magoti ombeni kiti. Mama atafurahi kukuta kwamba luqaimat ni kaimati zetu, na harees ni bokoboko, kwa utamu wa nyumbani kabisa. Baada ya hapo rudini hotelini mkalale. Alasiri ingieni soko la viungo na soko la dhahabu upande wa Deira, kwa miguu na polepole, mkinusa ubani, udi na karafuu. Kama mama anataka bangili, bei ya dhahabu ya siku hiyo kwa gramu hubandikwa na haitofautiani kati ya duka na duka. Kinachotofautiana ni ujira wa fundi, na hapo ndipo pa kupatana. Ulizeni karati, na ombeni risiti yenye uzito na ujira vikiwa vimeandikwa mbalimbali.

Siku ya pili iwe ya jangwa, na nasisitiza isiwe ya mwisho. Wengi huliweka jangwa mwishoni kama zawadi, kisha upepo wa mchanga ukivuma au mgonjwa akihitaji kupumzika wanarudi nyumbani bila kuliona. Mkiliweka siku ya pili, mna siku mbili za akiba nyuma yake. Asubuhi hiyo msifanye lolote. Gari huja kuwachukua saa tisa alasiri hivi na kuwarudisha saa tatu usiku, na mama atahitaji nguvu zake.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo ninapopata woga. Safari ya kawaida ya jangwani inayouzwa kila mahali mjini ina sehemu ambayo gari hupandishwa na kushushwa kwa kasi juu ya vilima vya mchanga. Dereva husimama pembeni mwa barabara, hushuka, huchuchumaa kwenye kila gurudumu na kutoa upepo, utasikia ukifoka, mpaka tairi linatandaa na kushika mchanga. Akimaliza hukuambia ufunge mkanda, na kuanzia hapo gari hulala ubavu, huinuka pua na kuanguka. Vijana huipenda. Haimfai mwenye shinikizo la damu, mwenye maumivu ya mgongo, wala mjamzito. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimpeleka mzee mmoja mwenye mgongo mbovu na kampuni fulani iliyoniahidi kwamba wangekwenda taratibu. Dereva aliyekuja hakuwa ameambiwa chochote, magari mengine yalikuwa mbele yake, naye akayafuata. Mzee alilala kitandani siku mbili zilizobaki za safari yake. Sijajisamehe kwa kuliacha jambo hilo katika ahadi ya simu. Tangu hapo kila ombi langu huandikwa: msafiri ni mzee, gari litapita njia tambarare hadi kambini, halitapanda vilima, na yeye atakaa kiti cha mbele. Wewe pia omba uandikiwe hivyo, na dereva akifika msomee kabla mama hajaingia garini.

Uwezo ukiruhusu, tafuteni safari inayoingia hifadhi ya jangwa ya Dubai, Dubai Desert Conservation Reserve, eneo la kilomita za mraba 225 ambamo idadi ya magari hudhibitiwa. Huko mtaona choroa weupe wa Arabuni, mnyama aliyetoweka kabisa porini mwaka 1972 na kurudishwa kutokana na waliokuwa wamefugwa. Mtaona pia mti wa ghaf, unaoteremsha mizizi yake makumi ya mita kutafuta maji, na kivuli chake ndicho pekee kwa mwendo mrefu. Kwa anayetaka kupunguza gharama, vilima vyekundu vya Lahbab katika barabara ya kwenda Hatta vinatosha. Wekundu wake ni kutu ya chuma iliyozifunika chembe za mchanga, na saa ya mwisho kabla ya jua kuzama huwaka kama makaa. Mama avue viatu na kuingiza vidole mchangani. Juu mchanga bado una joto la mchana, lakini kidole kikizama kidogo hukutana na ubaridi, na juu ya uso laini kuna nyayo za mende wa jangwani zilizopangika kama ushonaji wa kofia. Jua likishazama baridi huja haraka, kwa hiyo sweta na soksi ziwe mkononi, wala zisiachwe hotelini.

Siku ya tatu ni ya mama. Msikiti wa Sheikh Zayed, rais wa kwanza wa Falme hizo, uko Abu Dhabi, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Deira, na kuingia ni bure, ila wageni hujiandikisha mapema kwenye tovuti ya msikiti wenyewe. Basi la E100 hutoka kituo cha Al Ghubaiba, lakini hukomea stendi ya mjini Abu Dhabi, na bado mtahitaji teksi kwenda na kurudi. Kwa ajili ya mama ningekodi gari lenye dereva kwa nusu siku, hata kama itabidi kupunguza gharama kwingine. Siku hiyo isiangukie Ijumaa, kwa kuwa ratiba ya wageni hubadilika kwa ajili ya sala.

Watu wengi hupelekwa asubuhi. Mimi napendelea mtoke Dubai saa saba mchana, mfike kabla ya saa kumi, na mbaki hadi Magharibi. Lango la wageni liko mbali na msikiti, mnapita ukaguzi na njia ndefu ya chini kwa chini, na wazee hupewa nafasi katika vigari vya umeme. Ombeni pale pale mlangoni, msione haya. Nguo ziwe ndefu na pana, na nywele zifunikwe. Ujenzi ulianza 1996, Sheikh Zayed mwenyewe akafariki mwaka 2004 kabla haujakamilika, akazikwa katika viwanja vyake, na msikiti ukafunguliwa 2007. Una kuba 82 na nafasi ya waumini zaidi ya 40,000, na zulia la ukumbi mkuu, lililofumwa kwa mikono na mafundi wa Iran, lina zaidi ya mita za mraba 5,600 bila mpasuko unaoonekana. Hata hivyo, nadhani mama atakumbuka zaidi wakati ule marumaru nyeupe inapogeuka rangi ya maziwa, kisha rangi ya waridi, kisha taa zinapowashwa, ambazo hung'aa au kufifia kwa kufuata hali ya mwezi wa siku hiyo. Kama ni mwenye kusali, aulize walinzi mahali pa wanawake mara adhana inapotolewa. Msijaribu kuongeza makumbusho wala kitu kingine siku hiyo.

Siku ya nne ni yako, mwalimu. Burj Khalifa ina urefu wa mita 828 na ilifunguliwa tarehe 4 Januari 2010. Tiketi za ghorofa ya 124 na 125 zinatosha kabisa. Ya 148 ni ghali mno kwa tofauti ndogo ya mandhari. Bei hubadilika kwa saa, na ya machweo ndiyo ya juu kuliko zote na ndiyo yenye msongamano, kwa hiyo katieni ya asubuhi, kupitia tovuti rasmi, siku kadhaa kabla. Mkienda kwa Metro, ile isiyo na dereva iliyoanza kazi 9 Septemba 2009, nunueni kadi ya Nol. Nauli ya daraja la kawaida ni dirham 3, 5 au 7.5 kulingana na umbali. Kuna behewa la wanawake na watoto, ambalo kwa mama ni raha kubwa. Ndani ya treni hakuliwi wala hakunywewi chochote, na faini yake ni dirham 100. Mkishuka kituo cha Burj Khalifa, kati ya kituo na jengo la Dubai Mall kuna daraja refu lililofunikwa. Lina mikanda inayotembeza watu, lakini bado ni mwendo, na mkifika ndani ya duka ni mwendo tena. Ulizeni kiti cha magurudumu kwenye dawati la wateja. Mchana pumzikeni humo humo ndani kwenye ubaridi, na jioni mtoke kando ya ziwa kutazama chemchemi zikicheza, jambo ambalo halilipiwi. Marina, kisiwa cha Palm, makumbusho mapya: viacheni vyote kwa safari nyingine, wala msihisi mmepungukiwa.

Nimalizie na yale ya kufanywa kabla ya kuondoka, kwa sababu mengine huchukua wiki. Mtanzania anahitaji viza kabla ya kusafiri. Ombi hupitia shirika la ndege, hoteli au wakala. Masharti hubadilika, kwa hiyo yathibitishe mwezi huo huo mnaoomba, hakikisheni pasipoti zina zaidi ya miezi sita, na msilipie hoteli isiyorudisha fedha kabla viza hazijatoka. Plagi za umeme za huko ni kama zetu za miguu mitatu ya bapa, msihangaike na kibadilishi. Msipokee kifurushi cha mtu mwingine, hata cha ndugu, kwani mirungi, kwa mfano, ni kosa kubwa la jinai katika nchi hiyo. Na msimpige picha mtu, hasa mwanamke, bila idhini yake.

Dawa za mama ndilo jambo ninalotaka ulianze wiki hii. Chukua barua ya daktari kwa Kiingereza yenye jina la kila dawa na kipimo chake, dawa zikae katika maboksi yake ya asili, na zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na akiba ya siku tano. Dawa za kawaida za shinikizo hazina tatizo, lakini kagua za magoti: zikiwa na tramadol au codeine, hizo zinadhibitiwa vikali na zinahitaji kibali cha wizara ya afya ya huko kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari. Kama anazitumia, mwombe daktari ambadilishie mapema, ili mama aizoee dawa mpya akiwa bado nyumbani.

Waambieni pia watu wa nyumbani kwamba simu za sauti za WhatsApp kwa kawaida hazipiti huko, ila ujumbe wa maandishi hupita, wasije wakadhani mmepotea. Kwa sababu hiyo hiyo, andika jina la hoteli, mtaa, na namba ya laini utakayoitumia Dubai kwenye kipande cha karatasi ngumu, ukitie katika pochi ya mama siku ya kwanza, na mkubaliane kwamba mkipotezana ndani ya Dubai Mall yeye asitafute mtu, bali akae palepale alipo na amwonyeshe mlinzi karatasi hiyo.